Mahali pa Kubonyeza Sijui

Moja

Siku Naelijwa Mbwambo alipouvisha mto kofia, hakuwa na nia mbaya na mtu. Alitaka kusafisha kifaa chake tu. Unapima kwanza kitu kisicho na uhai, ujue kelele za mashine yenyewe ni zipi, halafu unaziondoa. Kipimo hicho hufanywa mwanzoni kabisa mwa utafiti. Yeye alikifanya mwaka wa tatu, kwa kuwa kila alipouliza aliambiwa kimeshafanywa na waliomtangulia, na hao waliomtangulia nao, walipouliza, walijibiwa vivyo hivyo.

Akachukua mto kwenye kitanda kilichokuwa wazi, mto wa sponji wenye foronya ya maua, akauvika kofia laini ya nyaya ambayo wagonjwa wa Kituo cha Usikivu hawaivui hata wakiogeshwa, ila kwa kupimwa au kunyolewa. Nje ya dirisha nyavu za kuvunia ukungu zilikuwa zimetanda mlima mzima, zinadondosha maji kwenye mifereji. Akawasha Mfasiri, mashine ya kugeuza mikondo ya ubongo kuwa maneno, akavuta kiti, akasubiri kuona mstari ulionyooka.

Mstari haukunyooka sana, lakini hilo alilitarajia. Kisichotarajiwa ni kinywa chake mwenyewe. Naelijwa alilelewa Upareni na mama asiyecheka na mtoto asiyesalimia, na kwa miaka mitatu alikuwa haingii katika wodi ile bila kuwaamkia waliolala. Salamu ikamtoka kabla hajaifikiria.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," spika ya Mfasiri ikajibu. "Umeamkaje?"

Sauti ilikuwa ya bibi aliyelala kitanda kile mpaka juma lililopita. Bibi huyo alikuwa ameshazikwa, na Naelijwa alikuwa miongoni mwa waliosimama kaburini.

Mtu mwingine angeng'oa waya ukutani akatoka mbio, na nani angemlaumu? Yeye alikaa palepale akauliza swali la pili, maana utafiti ukishamwingia mtu kichwani humtia wazimu wa aina yake.

"Unajisikiaje leo?"

"Namshukuru Mungu," mto ukasema. "Mgongo tu ndio unaonisumbua."

Mbili

Dokta Hiza alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa msimamizi wake, mtu mrefu mwenye kanzu safi na subira nyingi, miongoni mwa wahandisi wachache waliobaki wa kikosi kilichomtengeneza Mfasiri wakati homa ya mgando ilipoanza kuwalaza watu bila kauli. Naelijwa alitegemea angeshtuka. Hakushtuka hata kidogo.

"Hiyo ni kanuni ya adabu," akasema. "Tuliiweka sisi."

"Mliiweka ninyi?"

"Wewe ulikuwa mdogo, hukuziona siku zile. Watu wanashuka na gari la waya kutoka vijiji vya juu, wanaingia wodini, wanamwamkia baba yao, baba kimya. Unajua walikuwa wanafikiri nini? Kwamba ana kinyongo nao. Kwamba anakwenda zake bila kuwapa radhi. Nimeona wanaume wazima wanagaragara sakafuni wakiomba msamaha kwa makosa ambayo hata hawayajui. Tukasema hapana, jamani. Mzee akisalimiwa na mkondo wa ubongo ukiwa hafifu, mashine iitikie kwa niaba yake, kwa sauti yake. Itikio la salamu tu. Kulikuwa na ubaya gani?"

Naelijwa hakuona ubaya. Angekuwa yeye angefanya vilevile, na jambo hilo ndilo lililomkosesha raha.

"Lakini Dokta, Mfasiri anamsomaje mgonjwa mpya?"

"Kwa salamu. Ni neno ambalo kila mtu analo. Tunaangalia ubongo unafanya nini mtu anapoitikia marahaba, tunauweka mchoro huo kuwa mizani yake, halafu maneno mengine yote tunayapima kwa..."

Alichukua kikombe cha chai akakitazama ndani, kisha akakirudisha mezani bila kunywa.

Hapo hapakuwa na haja ya mtu kumweleza mwenzake. Marahaba walikuwa wameiweka akina Dokta Hiza ili watu wasilie. Baadaye mikono ya kazi ikabadilika, waliokuja wakaikuta, wakaipokea kwamba ni ya mgonjwa, wakaifanya msingi. Kila sentensi iliyotoka katika wodi ile tangu wakati huo, kila wosia, kila mchumba aliyekubaliwa na baba aliyelala, ilikuwa imesimama juu ya neno ambalo pengine hakuna aliyelisema.

"Kwa hiyo hawasemi," Dokta Hiza akasema polepole.

"Sijasema hivyo. Nimezima kanuni nikawapima wote upya. Mikondo ipo. Inapanda, inashuka, wakati mwingine inapanda mtu wao anapoingia. Inaweza kuwa mtu anajitahidi kusema. Inaweza kuwa mwili unasaga uji. Nimeitazama mpaka macho yameniuma, na sijui."

"Leo zamu ya uthibitisho ni ya nani?"

"Yangu."

"Kwa Mzee Shechambo."

"Ndiyo."

Kila mtafiti wa shahada ya tatu pale kituoni alishika zamu ya uthibitisho, na wengi waliipenda kwa kuwa ilikuwa kazi nyepesi. Mzee Athumani Shechambo, aliyelala mwaka wa nne sasa, alikuwa ameomba kupitia Mfasiri, kwa neno moja: Nizibueni. Kuzibuliwa ni kufunguliwa fuvu na kuyeyushwa mgando kwa miale. Nusu ya wanaozibuliwa huamka. Nusu hufia mezani. Sheria haikumruhusu mtu yeyote, awe mke au daktari, kumpeleka mgonjwa kwenye kamari hiyo. Ilitaka sauti ya mgonjwa mwenyewe, na mtaalamu wa kuithibitisha. Mgando wa Mzee Shechambo ulikuwa umefika mahali ambapo baada ya leo miale isingeufikia tena.

Mtaalamu alipewa vitufe viwili. Kimoja kiliandikwa NI YAKE. Cha pili, SI YAKE. Na kama alasiri ingefika hajabonyeza chochote, mfumo ungeandika NI YAKE wenyewe, kwa maelezo kwamba kimya cha mtaalamu ni kuridhia.

"Niongezeeni kitufe cha tatu," Naelijwa akasema. "Mnaweza. Mnahitaji dakika chache tu."

"Kiandikwe nini?"

"Sijui."

Dokta Hiza akamtazama kwa huruma ya kweli, na huruma hiyo ilimuuma Naelijwa kuliko ukali.

"Binti yangu, mwezi ujao unatetea tasnifu. Jopo litakuuliza umegundua nini. Utawaambia umegundua kwamba hujui?"

"Ndicho nilichogundua."

"Shahada anapewa mtu kwa anachokijua. Na huko wodini kuna mwanamke anasubiri. Sijui haijamtibu mtu bado." Akainuka. "Bonyeza unachoona kinaelekea ukweli. Sote tulikuwa tukifanya hivyo. Na familia usiiambie kitu, unaelewa? Watu mia wanazungumza na wazee wao humu kila siku. Usije ukawaua wote kwa mpigo."

Tatu

Bi. Hadia alikuwa anampaka mumewe mafuta ya nazi miguuni. Alifanya hivyo kila alipokuja, kidole kwa kidole, huku akimpigia soga. Mzee Shechambo alikuwa mpimaji ardhi enzi zake, na nyayo zake zilikuwa bado na ugumu wa kutembea vilima.

"Jirani ameuza shamba la chini," Bi. Hadia alikuwa akisema. "Lile ulilokuwa unalitaka."

"Amekosea," Mfasiri akajibu kwa sauti nzito ya mzee. "Lile lina maji."

"Si ndivyo nilivyomwambia." Akageuka, akamwona Naelijwa mlangoni. "Karibu, mwanangu. Mbona umesimama kama mgeni?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeshabonyeza? Maana wamekuja kumnyoa nywele asubuhi, nikajua mambo tayari."

Naelijwa alikuwa amejiandaa njiani. Alikuwa amepanga maneno mazuri yanayoteleza, ya kitaalamu, yasiyoshikika. Alipoyatafuta hakuyaona.

"Mama, nina jambo la kukuambia, na kituo kimenikataza."

"Basi funga mlango kwanza," Bi. Hadia akasema.

Akamweleza yote. Alipofika kwenye mto kulalamika mgongo, Bi. Hadia alicheka, cheko la kweli la kutoka tumboni, mpaka akajifuta jicho kwa upande wa khanga. Kisha cheko likaisha. Ukaonekana uso wa mtu anayerudi nyuma, siku baada ya siku, akipitia kila alichowahi kuambiwa katika chumba kile.

"Kwa hiyo aliyesema azibuliwe si yeye."

"Sijui, mama."

"Ni mashine."

"Sijui."

"Hujui, hujui! Wewe si ndiye msomi? Umemfunga mume wangu nyaya kichwani miaka yote hii, unaandika, unapima, leo nakuuliza neno moja unaniambia hujui?" Mafuta yakamdondokea kwenye nguo. "Saumu alipoolewa, baba yake alimwozesha kwa maneno ya kifaa hiki. Nilikuja hapa nikamwuliza kama amenisamehe ule ugomvi wetu wa mwisho, akasema amenisamehe. Nililala usingizi siku hiyo. Sasa niambie. Mimi nilikuwa nazungumza na nani?"

Machozi yalikuwa yamemjaa Naelijwa, na aliona haya kulia mbele ya mtu mwenye haki zaidi ya kulia. Hakuwahi kujiona hafai kitu kama saa ile. Darasani alikuwa yule wa kunyoosha mkono kabla mwalimu hajamaliza swali. Kijijini walimwita Profesa tangu akiwa na meno ya utoto. Maisha yake yote alipendwa kwa sababu ya majibu.

"Sijui, mama," akasema. "Nisamehe. Ningekuwa najua ningekuambia, hata kama ni baya."

Bi. Hadia akafuta mikono.

"Izime hiyo adabu yenu."

"Mama..."

"Izime. Nataka kumsalimu mume wangu."

Naelijwa akaizima. Skrini ikabaki tupu, ila mstari mmoja wa kijani uliokuwa ukitembea chini kabisa. Bi. Hadia akajifunga khanga vizuri, akapiga goti kando ya kitanda kama alivyokuwa akifanya nyumbani, mlangoni mwa chumba chao.

"Shikamoo, Baba Saumu."

Mzee alikuwa anapumua, kifua kinapanda na kushuka. Bi. Hadia akangoja zaidi ya mtu anavyongoja salamu. Chini ya skrini mstari ukanyanyuka kidogo, ukatetemeka, ukalala.

"Huo mstari ni nini?"

"Inaweza kuwa ni yeye. Inaweza kuwa ni tumbo lake, au ubaridi wa chumba."

"Hujui."

"Sijui."

Safari hii Bi. Hadia hakufoka. Alinyanyuka kwa kushika ukingo wa kitanda, akakaa, akamtazama mumewe usoni kwa makini, kama mtu aliyeletewa nguo yake kutoka kwa dobi na haamini ni yake.

"Unajua," akasema, "hata akiwa mzima sikuwa najua. Namwuliza, Baba Saumu, leo nipike nini? Anasema chochote. Napika chochote, anakula nusu, anasukuma sahani. Kesho namwuliza tena, chochote. Miaka thelathini nimeishi na mtu namkisia chakula. Alipokuja humu ndani ndipo akaanza kunijibu vizuri. Ningeshtuka pale pale, kama ningekuwa na akili. Yule hakuwahi kujibu vizuri namna hii."

Naelijwa akacheka huku analia, na Bi. Hadia naye, na hakuna kilichokuwa kimepungua uzito.

"Ukibonyeza si yake itakuwaje?"

"Atabaki hapa. Nami nitakuwa nimeapa kwamba hakusema, na sijui kama hakusema."

"Na ukibonyeza ni yake?"

"Uongo uleule, upande wa pili. Na anaweza kufa."

"Na ukinyamaza?"

"Alasiri ikifika, mfumo utaandika ni yake kwa niaba yangu."

Bi. Hadia akaguna. "Yaani hata wewe inakujibia."

Naelijwa hakuwa amewahi kulitazama hivyo. Alijiona amekaa kwenye kiti kile naye amevikwa kofia, mtu yuko mlangoni anauliza, na sauti iliyo kama yake inajibu vizuri kabisa.

"Nikimwacha humu," Bi. Hadia akasema, "atakwisha taratibu. Hilo linajulikana, sivyo?"

"Hilo linajulikana."

"Basi ndicho kitu kimoja tunachokijua." Alichukua mguu wa mumewe akaupakata. "Usibonyeze kitu, mwanangu. Acha mashine iandike inachotaka, imezoea. Lakini nataka mtu mmoja katika kituo hiki ajue kwamba si yeye aliyeomba. Ni mimi ninayempeleka. Na mimi sijui kama ninafanya vizuri au ninamuua. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Nitabaki nalo hilo, akiamka au asipoamka." Akaanza tena kupaka mafuta, mguu wa pili, kuanzia kidole kidogo. "Mvue hiyo kofia. Asiende huko na mtu wa kumsemea."

Naelijwa akaivua. Chini ya kofia kichwa kilichonyolewa kilikuwa na alama nyekundu za nyaya, duara kwa duara. Alikuwa amezipima alama zile mara nyingi na hakuwahi kuzigusa. Akazigusa kwa kidole.

Nne

Alasiri ilipofika, skrini ya ukutani ikaandika NI YAKE kwa herufi za kijani, tulivu, jina la Naelijwa Mbwambo likifuata chini yake. Aliyatazama maneno yale akijua kwamba yatabaki hapo baada yake, na kwamba hana namna ya kuyafuta. Kitanda kikaanza kusukumwa.

Dokta Hiza alikuwa anawasubiri kwenye mlango wa chumba cha upasuaji. Aliona kichwa kitupu cha mzee, akaona kofia mkononi mwa mwanafunzi wake, akaona macho ya Bi. Hadia. Akaelewa. Akakaza mdomo, na Naelijwa alijua kwamba mwezi ujao mbele ya jopo atasimama peke yake.

Muuguzi wa upasuaji, kijana mwenye haraka, akatoka na kibao chake cha kioo.

"Shechambo Athumani. Uthibitisho ninao. Swali moja tu kwa mtafiti: mgonjwa anasikia au hasikii? Kama anasikia tunapaswa kumweleza kwanza tunachomfanyia. Kama hasikii tusipoteze muda, madaktari wameshanawa."

"Anasikia," Dokta Hiza akasema. "Mfasiri ameshathibitisha."

"Nahitaji kauli ya mtafiti wa zamu, Dokta."

Wote wakamgeukia Naelijwa. Alikuwa na hofu, na haikumwondoka kwa sababu alikuwa ameamua. Alitamani sana kuwa na jibu. Alitamani kama mtu mwenye kiu anavyotamani maji.

"Sijui," akasema.

Kijana akatazama kibao chake. "Humu hakuna sijui. Kuna anasikia na hasikii."

"Najua. Lakini mimi sijui kama anasikia."

"Sasa nifanye nini? Nimweleze au nisimweleze?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza hilo. Katika tasnifu yake nzima, kurasa zote zile, hapakuwa na sura inayosema ukishafika mwisho wa unachokijua unafanya nini na mtu aliye mbele yako. Ikabidi alifikirie papo hapo, kwenye korido, kitanda kikiwa nusu ndani nusu nje.

"Mweleze," akasema. "Kwa sababu hatujui."

Muuguzi akasita, akamtupia jicho Dokta Hiza, ambaye alikuwa anatazama sakafu. Halafu akashusha kibao. Kumbe hakuwa mtu mbaya, ni haraka tu. Akamwinamia mgonjwa, akakohoa, akaonekana ghafla kijana mdogo asiyejua aanzie wapi, kwa kuwa siku zote mashine ndiyo iliyokuwa ikimsaidia maongezi.

"Nipishe, baba," Bi. Hadia akamwambia. "Nitamweleza mimi."

Akasogea. Akamshika mumewe mkono, akaweka mdomo karibu na sikio lake, akaanza kumsimulia: kwamba hapa ni mlangoni, kwamba ndani kuna taa kubwa na watu wawili wamevaa kijani, kwamba watamfungua kichwa na huenda asiamke, na kwamba ni yeye, Hadia, aliyetaka. Akamwambia pia habari za ule ugomvi wao, upya, tangu mwanzo, kila alichokosea yeye na kila alichokosea mzee, bila kuruka. Hakuuliza kama amesamehewa. Madaktari wakaja mlangoni na mikono yao iliyonawa, wakasimama, na hakuna aliyemharakisha.

Alipomaliza alibusu kile kichwa, akakiachia kitanda kiingie. Mlango ukafungwa. Naelijwa akamfuata kwenye benchi la korido, akakaa karibu naye, na wala hakutafuta la kumwambia.